Sara au Yona: nani alibeba mwaka wa Bembea ya Maisha?

Jicho la Bwalo:
Makundi yanayoigiza vitabu teule, vile vinavyotahiniwa katika sekondari za Kenya, yanafunga mwaka. Yamezunguka Kakamega hadi Kisii, Meru hadi Kilifi, shule moja asubuhi na nyingine alasiri, na upande wa Kiswahili mzigo umebebwa na Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Ukiwauliza wanafunzi nani aliigiza vizuri, watakujibu Yona, yule mume anayempikia Sara, mkewe mgonjwa. Yona na mwiko, Yona jikoni. Mimi nasema kazi kubwa ya mwaka huu imefanywa na waigizaji wa Sara, wale waliouchukua ugonjwa wake wa moyo kwa dhati na kukubali kukaa kitini muda mrefu. Bwalo lina wanafunzi 1,000, mabati juu, mwangwi kila ukuta, na mtu ameketi, hapigi kelele, na wote wanamsikiliza. Mwenye hoja aseme.

Mkono wa Pazia:
Kukaa kitini sasa ni kipaji? Ndugu yangu, kuchekesha bwalo ni hesabu. Kicheko hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Ukisema neno kikiwa kileleni, limezama. Ukingoja kiishe kabisa, onyesho limepoa na itabidi ulichemshe upya. Yona hodari huingia kicheko kikiwa kimeshuka zaidi ya nusu, na huanza na neno jepesi, "sasa", "haya", "sikiliza", ili neno zito litue kwenye ukimya. Anayafanya hayo mara mbili kwa siku, ameshika sufuria, nguo zimelowa jasho. Halafu tunaambiwa habari ya kiti.

Mwalimu wa Dondoo:
Hayo maneno mepesi ndiyo yanayotumaliza. Yule Yona anayeililia Arsenal huku akisonga ugali, Arege hakumwandika. Na mwanafunzi hukumbuka kilichomchekesha. Akifika kwenye karatasi ya fasihi, 102/3, anaulizwa muktadha wa dondoo kwa alama 4: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani. Kwenye swali refu anatoa mfano wa bwaloni ambao haumo kitabuni, na msahihishaji hana pa kuuwekea tiki. Tutamsifuje mtu anayewapotezea watoto alama?

Mkono wa Pazia:
Mwalimu, mtihani ni wako, jukwaa ni letu. Kundi likisoma matini kama tangazo la redio, onyesho la alasiri, baada ya githeri, nusu ya bwalo inasinzia kabla ya dakika ya 20. Waliosinzia nao watajibu nini kwenye hiyo 102/3?

Mwalimu wa Dondoo:
Aongeze kwa mwili, asiongeze kwa maneno. Yona ni mwanamume ambaye jiko halikuwa lake. Hilo lina vicheko kumi bila neno hata moja la nje. Ashike mwiko kwenye ncha kama kalamu. Asimame mbali na moto, ainame kutoka kiunoni, mikono imenyooka. Atake kuipua kwanza, ndipo akumbuke kitambaa. Lakini Yona wengi wa mwaka huu walinyanyua sufuria tupu kwa vidole viwili, ikalia kama kengele ya shule, na mkewe mgonjwa anangoja chakula kutoka kwenye sufuria hiyo! Tieni lita 2 za maji ndani. Mkiogopa kumwaga, wekeni taulo lililolowa: lina uzito na linaua ule mlio. Bega la mwigizaji lenyewe litashuka, huhitaji kumfundisha.

Jicho la Bwalo:
Mwalimu amegusa penyewe. Na Sara je? Waliokosea walikosea kwa mkono: mkono kifuani kila sentensi, mwanzo hadi mwisho. Moyo dhaifu huonekana kwanza kwenye pumzi na miguu. Hatua nne, anashika kiti. Akiketi anaegemea mbele kidogo, viganja juu ya magoti, kwa sababu kulala chali kunambana. Na hakati sentensi penye koma, anaikata pumzi inapoishia, popote palipo. Waliofanya hivyo walinyamazisha bwalo.

Kaka wa Morogoro:
Jamani, nimefuatilia video zenu nyingi za mwaka huu. Sara au Yona, kwangu ni mamoja, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinapanda milima. "Dhiki" inakuwa "diki". Mchezo wa kuigiza wa Kiswahili unataka ulimi wa Kiswahili kwanza. Sisi tuna Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, tangu 1967, masikio yetu yamezoea.

Binti wa Kisauni:
1969, kaka. 1967 ni Azimio la Arusha. Na kabla hujatupandisha milima, sikiliza majukwaa ya bara huko kwenu: "thamani" inatoka "samani", mtu anasema penzi lake lina samani kubwa, sijui ana makochi moyoni. "Dhahabu" ni "zahabu". "Hapa" ni "apa". Na wengine r na l zimebadilishana viti, mgombea anaomba kula badala ya kura. Ukitaka dh na th zilizonyooka, njoo Mombasa, au vuka uende Unguja.

Kaka wa Morogoro:
Dada, kuhusu mwaka umenisahihisha, nakubali. Kuhusu "samani" umemchukua mtu mmoja ukatuvalisha sote. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, matamshi yanafundishwa pale pamoja na ngoma na sarakasi.

Mtaa wa Tatu:
Kwani lafudhi imekosa nini? Yona na Sara ni watu wa kijijini. Mnataka mwanakijiji aongee kama msomaji wa taarifa ya habari? Mwigizaji wa Bungoma akiongea kwa lafudhi ya kwao, huyo Yona ana nyumba na shamba. Akiiga Kimvita cha Mombasa asichokijua, huyo hana kwao.

Binti wa Kisauni:
Mnachanganya mambo mawili, na ndiyo maana ubishi huu hauishi. Lafudhi ni wimbo wa sentensi, na mhusika ana haki ya kuja na wimbo wake. Matamshi ni sauti zinazotenga maana, hizo hazina kijiji. Chukua shadda. Kiswahili hupiga silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana baraBAra ni njia, na baRAbara, sawasawa kabisa, ni ubaguzi unaojulikana. Mwigizaji akipiga shadda ovyo kwa kupaaza sauti, msikilizaji anapotea njia kweli. Na irabu za mwisho ndizo zinazoumia zaidi bwaloni. "Aende" ni agizo, "aenda" ni taarifa. "Sitaki" ikimezwa mwisho, imebaki "sitak", na mwangwi unaimalizia upendavyo. Wakenya, Watanzania, wote tunaanguka hapo, kwa sababu mtu akipaaza sauti huweka nguvu mwanzoni mwa neno na mkia unakufa.

Kaka wa Morogoro:
Hapo kwenye mkia nakuunga mkono bila masharti. Mitomingi wa Ngoswe, tamthilia ya Edwin Semzaba, huharibiwa hivyo hivyo. Waigizaji humlewesha kwa kumeza maneno na kuyumba jukwaa zima. Mlevi wa kweli anajitahidi aonekane hajalewa: anatembea kwa uangalifu kupita kiasi, anatamka kila silabi kama anahesabu noti, halafu moja inamponyoka. Hiyo moja ndiyo inayoonyesha pombe. Zikiponyoka zote, hadhira haijui hata alichoma karatasi za sensa kwa nini.

Mtaa wa Tatu:
Na Yona vilevile, ulevi umekwishamgharimu kazi ya ualimu. Asilewe onyesho zima. Aonekane ni mwalimu aliyepoteza chaki.

Fundi wa Spika:
Mnabishana dh na th wakati safu ya 15 haisikii herufi hata moja. Tatizo la mwaka huu ni vipaza sauti vya kichwani kukodishwa bila mtu anayevijua. Kidude chenyewe kikae pembeni mwa mdomo, upana wa vidole viwili kutoka kwenye pembe ya mdomo. Kikiwa mbele, kila p na b inapiga kama mlango. Utepe ushike karibu na sikio na nyuma ya shingo, ngozi ifutwe mafuta kwanza, la sivyo jasho la dakika ya 10 linaubandua. Betri mbili za AA zibadilishwe kabla ya kila onyesho, usingoje taa nyekundu. Spika ziwe mbele ya mstari wa waigizaji. Makundi mengi huziweka nyuma yao ili waya ufike, kisha wanashangaa mluzi unatoka wapi. Bwalo lenye mwangwi halitibiwi kwa kuongeza sauti, hapo unaongeza mwangwi. Punguza besi, shusha sauti, peleka spika mbili ndogo katikati ya bwalo.

Mkono wa Pazia:
Na hapo ndipo namrudia Jicho. Hao Sara wako walionyamazisha bwalo walikuwa na kidude shavuni. Pumzi iliyokatika ililetwa na spika. Yona alirukaruka, kipaza kikamwanguka, akaendelea kwa koo lake. Ondoa umeme tuone nani mwigizaji.

Jicho la Bwalo:
Hilo ni tusi kwa watu waliofanya kazi. Shule ngapi umeme ulipotea na onyesho likaendelea? Mnong'ono wa jukwaani haunong'onwi. Sauti ipo, imeshushwa tu, pumzi inatoka tumboni, na konsonanti zinasukumwa mbele kwenye meno: k, t, p, ch, kila moja safi. Kinachomfanya wa safu ya nyuma aelewe neno ni konsonanti. Na kwa lile la Binti kuhusu mikia: Sara anayekatika pumzi lazima akatike kabla ya neno, asikatike ndani yake. Avute pumzi, kisha aseme neno zima hadi irabu ya mwisho. Walioelewa hivyo walisikika bila waya. Wasioelewa walikohoa. Kikohozi cha kweli, maonyesho mawili kwa siku, wiki tatu, na koo limekwisha. Kikohozi cha jukwaani kinatoka tumboni koo likiwa wazi, hakikwaruzi kitu.

Fundi wa Spika:
Jicho anasema kweli, lakini Mkono hajakosea kote. Kipaza kinasaidia mtu mtulivu kuliko mtu wa mbio. Yona akimkumbatia Sara, vidude viwili vinashika sauti moja, inatoka nyembamba kama ya bombani. Fundi aliye macho huzima kimoja sekunde ile. Makundi mengi hayana fundi, yana dereva anayelinda spika.

Mwalimu wa Dondoo:
Na mvua? Mabati yakianza, vipaza vyote havisaidii.

Mkono wa Pazia:
Mvua ikizidi, simamisha onyesho hapo hapo. Waigizaji wabaki mahali pao, wasigande, wafanye kazi ndogo ya nyumbani: kukunja nguo, kupepeta, kuchochea moto. Ikipungua, rudi sentensi mbili nyuma. Kupigana na mabati ni kuua koo la onyesho la alasiri. Na ni Yona, nasema tena, mwenye kazi ya kufanya mikononi. Sara wako atakunja nini?

Jicho la Bwalo:
Leso yake. Polepole, mara nne, kisha anaikunjua.

Binti wa Kisauni:
Nyote mmemsahau Dina, jirani yao Sara. Mwanzoni kabisa yupo na mwanawe Kiwa, bwalo bado linaburuta viti, wa Kidato cha Pili wanasukumana mlangoni. Dakika tano hizo hazina huruma. Dina wazuri wa mwaka huu walianza chini, sauti ya kawaida ya nyumbani, wakawaacha wanafunzi wanyamazishane wenyewe. Waliopiga kelele ili kushinda kelele walipewa kelele zaidi. Na makundi mengi Dina ni mtu yule yule anayerudi baadaye kama mmoja wa mabinti wa Sara. Ana muda mfupi sana wa kubadilika, na kilemba hakitoshi. Abadilishe mwendo na kimo cha sauti, khanga iwe ya mwisho.

Kaka wa Morogoro:
Dada, huyo Dina ana dh?

Binti wa Kisauni:
Anayo, kaka. Sikiliza anavyosema "dhiki".

Fundi wa Spika:
Akiwa na kipaza, mwambie asikifunike kwa kilemba anapobadilisha. Kitambaa juu ya kidude kinakula s na th zote, na hapo ubishi wenu wa herufi unaanza upya. Kilemba kifungwe nyuma ya sikio lenye waya, fundo upande wa pili.