Pete ya tanzaniti: nitajuaje kama jiwe ni la kweli? Naombeni ushauri

Nakku_Kawempe: Habari zenu ndugu. Nina pete ya dhahabu yenye jiwe la bluu, naambiwa ni tanzaniti. Nimelipumulia, ukungu ukaondoka upesi. Je, hiyo inatosha kujua si kioo? Sina kifaa chochote, na usingizi sipati.

Boda_Ntinda: Lishike juu ya moto wa kibiriti. Kioo kitapasuka, jiwe la kweli halina neno.

Sonara_Katwe: Dada, usithubutu! Tanzaniti hupasuka ikipata joto la ghafla. Na kupumulia hakutoshi, hali ya hewa tu inaweza kukudanganya. Anza na rangi. Kaa dirishani mchana, zungusha pete polepole, tazama jiwe kwa juu kisha ubavuni. Tanzaniti huonyesha bluu upande mmoja na zambarau upande mwingine. Kioo ni bluu ileile popote. Kisha azima lenzi ya kukuza mara 10, uchungulie ndani. Ukiona viputo vya mviringo, shuku kioo. Kingo zilizolika peke yake zisikutishe, maana tanzaniti nayo ni laini, ugumu wake ni 6 hadi 7 tu kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10.

Owino_Dhahabu: Mimi ningeanza na dhahabu. Tafuta muhuri ndani ya pete: 375, 585 au 750, yaani sehemu za dhahabu halisi katika kila elfu.

Mama_Jinja: Mwanangu, umenunua kwa nani, na kwa kiasi gani?

Nakku_Kawempe: Bei si shida, Mama. Nataka kujua jiwe tu.

Kito_Entebbe: Umeambiwa utazame rangi, hujajibu. Pete unayo mkononi au huna?

Nakku_Kawempe: Haya, nitasema. Iko kwa fundi tangu jana, anaipunguza kwa sababu inanipwaya. Nimeshatoa 1,200,000 kati ya 2,500,000, salio ni Ijumaa. Muuzaji tunasali naye kanisa moja, hawezi kunidanganya. Ni pete ya ndoa ya bibi yake, alivishwa Arusha mwaka 1958, na picha nimeiona. Nikianza kumpeleleza nitamwaibisha bure.

Sonara_Katwe: Mpigie fundi sasa hivi! Kupunguza pete ni kukata kipande, kukutanisha ncha na kuziunga kwa moto. Jiwe litolewe kwanza. Likibaki mahali pake, joto linaweza kulipasua, na hapo utabishana na muuzaji bila ushahidi. Mwambie pia asilisafishe kwa mashine ya mitetemo.

Mama_Jinja: Kusali pamoja si cheti, mwanangu. Anayeuza kwa haki haoni aibu kitu chake kikipimwa.

Mtafiti_Mbarara: Jamani, uzi huu umetungwa. Tanzaniti iligunduliwa Mirerani, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1967, na jina lenyewe lilitolewa na kampuni ya vito ya Tiffany ya New York mwaka 1968. Bibi wa 1958 aliipata wapi?

Nakku_Kawempe: Sijatunga chochote! Risiti ya malipo ya kwanza ninayo. Labda jiwe liliwekwa baadaye.

Mtafiti_Mbarara: Labda. Basi aliyetunga ni muuzaji, au naye alisimuliwa hivyo.

Sonara_Katwe: Kubadilisha jiwe kwenye pete ya zamani ni kazi ya kawaida, kwa hiyo umri wa pete hauthibitishi jiwe wala haulikani. Fundi akishalitoa, mwombe mizani inayosoma gramu 0.01. Lipimeni likiwa kavu, mwandike. Kisha wekeni kikombe cha maji juu ya mizani, mrudishe kwenye sifuri. Lifungeni jiwe kwa uzi mwembamba, mlizamishe lote bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe. Povu likishika jiwe, lipanguseni, la sivyo hesabu itaharibika. Gawanyeni uzito mkavu kwa namba iliyotokea. Tanzaniti hutoa 3.35 hivi. Mkipata karibu na 2.5, ni kioo cha kawaida. Kuna vioo vizito zaidi, ndiyo maana rangi na viputo havirukwi.

Kito_Entebbe: Ongeza ayolaiti, kito kingine kinachofanana nayo. Nayo ni bluu ya zambarau, hubadilika rangi ukiizungusha, na kwenye maji hutoa 2.6 hivi. Na ukisikia jiwe limepikwa kwa moto, usiogope. Karibu tanzaniti zote za bluu hupikwa ili rangi ya kahawia iondoke, na zinabaki za kweli. Ukitaka karatasi ya mtaalamu, Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania.

Nakku_Kawempe: Nimefika kwa fundi, alikuwa bado hajawasha moto. Kavu ni 1.06. Kwenye maji 0.42, tumerudia mara mbili. Tumezungusha mlangoni juani, bluu ni ileile. Kwa lenzi kuna viputo viwili karibu na ukingo. Lakini nimeshamwahidi Ijumaa, na mama yangu ndiye aliyenipeleka kwake.

Sonara_Katwe: 1.06 kwa 0.42 ni 2.52. Tanzaniti ya uzito huo ingesoma 0.32 kwenye maji, tofauti ambayo mizani haikosei. Ayolaiti ingebadilika rangi. Dada, hicho ni kioo. Fundi asikate pete, iwe nzima kama ulivyoipokea. Apime dhahabu peke yake, aandike gramu na muhuri kwenye karatasi, atie sahihi. Jiwe lifungwe kwenye bahasha mbele yako. Nenda kwa muuzaji kabla ya Ijumaa ukiwa na mama, na hiyo 1,300,000 iache nyumbani.