Mrejesho: Mzee aliyevimba tumbo, hapati choo wala hajambi

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliomba ushauri kuhusu mzee wangu wa Newala: tumbo limekaza kama ngoma, siku ya pili hapati choo wala hajambi, anatapika. Mlionijibu "msimpe dawa ya kuharisha, mkimbizeni hospitali usiku huu", Mungu awabariki. Tulikodi gari saa ileile, tukashuka Mtwara mjini.

Eksirei ilionyesha utumbo mpana umejisokota. Daktari alichukua mpira wa dripu akausokota mbele yangu: "Hapa damu haipiti. Utumbo unakufa, ukitoboka uchafu unamwagika tumboni, sumu inaenea mwilini, mgonjwa anaondoka." Alfajiri mzee akaingia chumba cha upasuaji.

Hatukuwahi vya kutosha. Kipande kilishakuwa cheusi, kikakatwa, na sasa anajisaidia kwenye mfuko uliobandikwa nje ya tumbo mpaka atakaporudishiwa njia ya kawaida ya choo. Anaona aibu, hataki wajukuu wamkaribie, na hilo linaniuma sana. Siku ile ya kwanza tuliipoteza kwa kumkanda na kumnywesha majani ya kuchemsha. Najuta.

Lakini yupo. Jana kaomba uji mwenyewe, kamaliza kikombe. Asanteni mno.