Watu 14, jaja (bibi) wa miaka 72 na kitoto cha miaka miwili: tunataka kwenda Yas Island, tuanzie wapi?

Mtoto_wa_Kwanza (Bombo)

Salamu kwenu wakubwa na wadogo. Naomba ushauri, na tafadhali msinicheke.

Ukoo wetu una chama cha akiba tulichokianzisha kwa ajili ya misiba na harusi. Mwaka huu Mungu ametusitiri, hakuna aliyezikwa wala aliyeolewa, na pesa zimekaa. Kwenye kikao cha mwisho mdogo wangu akasema, kwa nini tusimpeleke mama na watoto Abu Dhabi, kile kisiwa cha Yas chenye bustani za burudani? Watoto walikuwa wamejibanza mlangoni wanasikiliza. Basi, hapo hakuna tena wa kurudi nyuma.

Tuko 14. Mama yetu (72, magoti yanamsumbua na ana presha), sisi ndugu wanne, wenzi watatu, vijana wawili wa miaka 15 na 16, watoto watatu wa kati ya miaka 6 na 10, na kitoto cha miaka miwili. Mwenyeji hatuna. Mdogo wangu hufuata mzigo Dubai, lakini anachokijua ni maduka ya Deira na kitanda cha kulalia.

Yanayonisumbua: twende mwezi gani? Tumefikiria mwanzoni mwa Desemba, watoto wakifunga tu shule. Paki zenyewe ni nne, tuingie zote? Mama tumfanyeje? Halafu kuna wakala mmoja wa hapa Kampala anataka tulipe kifurushi chote sasa hivi, viza ije baadaye. Huyu mimi sijamwelewa.

Bwana_Kosta

Kumi na wanne ni takisi moja ya kwetu, lile basi dogo, imejaa, kondakta ananing'inia mlangoni 😂

Dada, usafiri upange kabla hujatoka Entebbe. Teksi ya kule ni kama speshale yetu, gari dogo la kukodi, inabeba abiria wanne. Mkifika Dubai saa za usiku na mabegi, mtajikuta mnaita magari manne, na kila dereva na njia yake. Kutoka uwanja wa Dubai mpaka Yas ni zaidi ya kilomita 100, saa nzima na zaidi barabarani. Kodini basi dogo moja lenye dereva, liwasubiri. Mkipata ndege ya kutua Abu Dhabi penyewe ni nafuu zaidi, uwanja wa Zayed uko jirani kabisa na Yas. Ila Uganda Airlines inashuka Dubai, tangu 2021, karibu saa tano angani bila kubadilisha ndege, na kwa mzee mwenye magoti hilo si jambo dogo.

Mkishafika kisiwani hamna shida. Kuna mabasi ya bure yanayozunguka hoteli na paki.

Mulokole_Mbale

Mwanzoni mwa Desemba? Angalieni kalenda ya mbio za magari kwanza. Mashindano ya Formula 1 ya Abu Dhabi yanafanyika hapo hapo Yas, na kwa kawaida ndiyo yanayofunga msimu, siku hizo hizo za mwanzo wa Desemba. Hoteli zinajaa na bei zinapaa. Mtalipia kelele za magari ambayo hamkwenda kuyatazama.

Nalongo_Jinja

Mulokole kasema kweli. Na Krismasi mpaka mwaka mpya pia ruka, dunia nzima iko kule.

Mimi nakwambia Januari, kuanzia wiki ya pili. Wengi hawafikirii hili: watoto wa kule na wa Ulaya wanakuwa wamesharudi darasani, wetu wako nyumbani mpaka karibu Februari. Ni likizo yetu peke yetu. Hali ya hewa nayo ni nzuri, mchana nyuzi kama 24, si lile joto la Julai na Agosti linalovuka 40. Jioni baridi kidogo, beba sweta. Na mwende Jumatatu mpaka Alhamisi. Tangu 2022 mapumziko yao ya wiki ni Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ni nusu siku.

Kichwa_Ngumu

Januari? Na karo ya muhula wa kwanza atalipa nani, Nalongo?

Nalongo_Jinja

@Kichwa_Ngumu karo ilipwe Desemba kabla ya kununua hata soksi. Asiyeweza kulipa karo Desemba asipande ndege Januari. Mimi mapacha wangu walisafiri risiti za shule zikiwa kwenye faili nyumbani.

Sasa nirudi kwa dada yetu wa Bombo, maana swali la paki nne ndilo kubwa. Msiingie zote, na msiingie pamoja. Najua itauma, kwa sababu sisi tukisema safari ya ukoo tunataka tuonekane kwenye picha moja kila saa. Lakini kila anayepita geti anakata tiketi, hata anayekwenda kukaa kwenye benchi na kushika mikoba. Tiketi ya siku kwa paki moja mara nyingi inavuka dirhamu 300. Dirhamu imefungwa kwa dola, 3.67 kwa dola moja, na kwa bei za siku hizi dirhamu moja inakaribia shilingi 1,000. Piga hesabu: watu 14, dirhamu 300, ni kama milioni nne na laki mbili kwa siku moja, bado hamjala. Afadhali hako ka miaka miwili, chini ya mitatu huingia bure.

Kwa hiyo gawaneni. Msigawane kwa nyumba, baba na mama na watoto wao. Gawaneni kwa urefu na kwa nguvu.

Chukua ile tepu ya fundi cherehani, simamisha watoto ukutani bila viatu, andika. Kila mashine ya kupanda ina kipimo chake mlangoni. Pale Ferrari World kuna Formula Rossa inayokimbia kilomita 240 kwa saa, wanakuvalisha na miwani ya kukinga macho. Hiyo inataka sentimita 140. Nilisimama nyuma ya mzee mmoja na mwanawe, wamepanga foleni mpaka mbele kabisa. Kijana wa mlangoni akaleta fimbo ya kupimia, nywele za mtoto zikagusa alama, akazibonyeza kwa kiganja, kichwa kikabaki chini yake. Baba akabembeleza, akataja umri, akataja madaraja ya darasani, fimbo haikusogea. Mtoto alilia mpaka getini. Wako wa miaka 6 mpaka 10 wengi hawatafika 140, wajue wakiwa nyumbani.

Ningekuwa wewe, Ferrari World ningewapeleka wale vijana wawili na watu wazima wawili wasioogopa. Siku hiyo hiyo wadogo waende Warner Bros. World. Yote iko ndani ya jengo, kipupwe kinapuliza, wamejaa akina Bugs Bunny na Tom na Jerry, na mashine nyingi za kadiri yao. SeaWorld ndiyo muende wote 14, na mama. Ni ya juzi juzi, ilifunguliwa 2023, sehemu kubwa iko ndani, na mzee anaweza kukaa mbele ya kioo akatazama samaki wanapita mpaka achoke mwenyewe. Hiyo ndiyo siku ya picha ya ukoo.

Paki ya nne, ya maji, waachieni wanaojua wanachokwenda kufanya. Nguo iwe ya kuogelea, ya kitambaa chake. Fulana ya pamba na kaptula ya jinzi watawarudisha. Mavazi ya kuogelea ya kujistiri mwili mzima wanayakubali, wala usiwe na wasiwasi.

Mtoto_wa_Kwanza

Weebale nnyo Nalongo. Ila kugawana… mama akisikia tutamwacha hotelini siku nzima, hiyo kesi itasikilizwa miaka kumi.

Nalongo_Jinja

Nani kasema hotelini? Ferrari World imeungana na Yas Mall, unapita kwa mguu. Jaja na mmoja wenu wanazunguka madukani, wanakaa, wanakunywa chai, mnakutana chakula cha mchana. Siku nyingine mpelekeni Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed, kutoka Yas si mbali. Kuingia ni bure, mnajiandikisha tu kwenye tovuti yao. Uwe Mwislamu usiwe Mwislamu unakaribishwa, wanawake wafunike kichwa na mikono. Hapo mama yako atasahau hata magoti.

Kiti cha magurudumu mwambie wakala wa ndege siku chache kabla, uwanjani hakilipiwi. Ndani ya paki vipo vya kukodi. Na akikataa kukalia kwa sababu "mimi si mgonjwa", mwambie ni cha kubebea mabegi. Wangu alikubali hivyo.

Hajji_Arua

Assalaam alaykum. Mengine mmeyamaliza, mimi niseme karatasi, maana safari za watu wengi hufia hapo.

Pasipoti zote ziwe na miezi sita mbele, zikaguliwe moja moja leo hii. Viza kabla ya tiketi ya ndege, na kabla ya kifurushi cha mtu yeyote. Viza ya watu 14 inaweza kutoka kwa 13 ikakwama kwa mmoja, na mkikuta huyo mmoja ni mama, mtasafiri kwenda kufanya nini? Mwambie huyo wakala mtalipa gharama ya viza peke yake, hoteli mtaweka ile inayoruhusu kughairi, zingine zikifuata viza. Akikataa, mna jibu lenu.

Umesema ndugu wanne, wenzi watatu. Yupo mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenzake? Kama yupo, aandae cheti cha kuzaliwa cha NIRA (mamlaka yetu ya vitambulisho na usajili) na barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki, iliyopigwa muhuri wa wakili. Huenda asiulizwe, lakini akiulizwa Entebbe saa tisa za usiku hakuna ofisi iliyo wazi.

Na kadi ya homa ya manjano kwa kila aliyezidi mwaka mmoja, hata kama kule hawakuiuliza. Uganda ndiyo itakayoiuliza mkirudi.

La mwisho na ndilo kubwa: dawa za mama. Za presha si tatizo, zibaki kwenye pakiti zake na barua ya daktari. Lakini magoti anatuliza na nini? Huku kwetu watu wanapewa tramadol kama peremende, na nyingine zina kodeini. Kule hizo ni dawa zinazodhibitiwa, zinahitaji kibali cha serikali yao kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari. Watu wamewekwa ndani kwa vidonge. Mfungue mkoba wake msome kila kikaratasi, na kama imo, daktari ambadilishie mapema ili ajue mpya inamkubali.

Mtoto_wa_Kwanza

Hajji, nimeinuka hapa hapa nikaenda kuangalia. Tramadol imo. Shukrani sana, nitampeleka kwa daktari wiki hii.

Na ndiyo, dada yangu anasafiri na binti yake, baba yuko Gulu. Barua nitamwambia aanze.

Kichwa_Ngumu

Mimi bado nasema pesa hizo ni nyingi. Mombasa mnakwenda kwa basi, bahari haina geti, na hakuna anayepima mtoto kwa fimbo. Au hapa Entebbe kwenye bustani ya wanyama, watoto wangapi wa huo ukoo wameshawahi kumwona simba wa kwetu?

Bwana_Kosta

@Kichwa_Ngumu kikao kilishapita, watoto walishasikia. Wewe umewahi kufuta ahadi ya namna hiyo ukabaki na amani nyumbani?

Dada, kitu kimoja kuhusu hela. Chama kilipe viza, nauli, hoteli, tiketi na basi. Basi. Chakula cha mchana na vitu vya kuchezea kila nyumba ijitegemee, na mkubaliane hapa hapa nyumbani. Mashine nyingi ukishuka tu unatokea dukani, na mtoto ameshashika mdoli mkononi. Mjomba mwenye pesa atanunulia wake, mwenye kubana atanuna, na sanduku la chama halina fungu la midoli. Chakula cha nje hawaruhusu kuingia nacho, isipokuwa cha mtoto mchanga. Kwa hiyo kiamsha kinywa cha hoteli kiliwe kama daku.

Mulokole_Mbale

Na siku ya kupumzika katikati, jamani. Paki, paki, pumzika, paki. Watoto wa miaka sita siku ya tatu mfululizo wanageuka watu wengine.

Mtoto_wa_Kwanza

Nimeandika yote. Kikao ni Jumapili, naleta tepu na orodha: Januari wiki ya pili, SeaWorld wote, Ferrari World na Warner Bros. kwa kugawana, msikiti na mama, paki ya maji atakayetaka alipe mwenyewe. Mdogo wangu atapinga hilo la mwisho, maana ndiye aliyelitaka.

Swali dogo: huyu wa miaka miwili anaingia kwenye pasipoti ya mama yake, au?

Hajji_Arua

Haingii. Hata mwenye siku arobaini anahitaji yake, na lazima afike ofisini mwenyewe. Mpelekeni asubuhi akiwa ameshiba na kulala vizuri, kwa sababu picha inatakiwa macho wazi, mdomo umefungwa, na hakuna mkono wa mtu kwenye fremu. Wengine wote 13 mtawamaliza kabla yake.