Seva ya ofisini, programu ya kulipia kila mwezi, au Odoo kwenye seva ya kukodi?

StooKuu
Wakuu, naomba mawazo. Tunauza vipuri, tuko watu 38, matawi matatu, na wauzaji 12 wanaozunguka kwa wateja. Programu yetu ya hesabu na stoo iko kwenye seva ya ofisini, leseni tulinunua mara moja miaka tisa iliyopita. Seva imechoka, feni inanguruma mpaka chumba cha pili. Njia ninazoziona ni tatu:

1. Seva mpya na toleo jipya la programu ileile.
2. Programu ya wingu, yaani inakaa kwenye seva za muuzaji na mnaifungua kwa mtandao, unalipia kila mtumiaji kila mwezi.
3. Odoo au ERPNext (programu za chanzo huria za kuendesha biashara: mauzo, stoo, hesabu) kwenye seva ya kukodi, tuisimamie wenyewe.

Bosi anataka ya kwanza, anasema chako ni chako. Wauzaji wanataka chochote kinachofunguka kwenye simu. Lawama zitakuja kwangu.

MzeeWaLeja
Bosi wako msimcheke. Nimefunga hesabu za mwaka kwa programu za kila aina, na ya kununua ina raha yake: ukiamua kutoihuisha, inaendelea kufanya kazi vilevile. Ya kulipia kila mwezi, siku ukikosa kulipa, unaweza kufungiwa nje ya vitabu vyako mwenyewe.

Ila nimpe na habari mbaya. Wauzaji wa programu wenyewe wanaihama njia ya kwanza. Adobe, wale wa Photoshop, walihamia malipo ya mwezi mwaka 2013. Atlassian, watengenezaji wa Jira, programu ya kupanga kazi, waliacha kuuza leseni mpya za Server (toleo la kuweka kwenye seva yako) Februari 2021, na Februari 2024 msaada ukakoma. Kwa hiyo kabla ya kununua toleo jipya, muulize muuzaji kwa maandishi ataliangalia mpaka mwaka gani.

WayaMwekundu
Mzee, shikamoo. Chako ni chako, sawa, lakini hata diski ikifa usiku wa manane ni yako. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo bakapu ilikuwepo kila siku, tena nzuri, kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva ileile. Virusi vya kufunga mafaili vilipoingia vilifunga vyote viwili. Tuliingiza upya miezi minne ya miamala kutoka kwenye makaratasi.

Wala msidhani wingu ni dawa. Machi 10, 2021 jengo moja la OVH, kampuni ya kukodisha seva, kule Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wapo wateja waliopoteza data moja kwa moja kwa sababu hawakuwa na nakala kwingine. Na Februari 28, 2017 S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi data, ilianguka kwa saa kadhaa kwa sababu fundi alikosea kuandika amri moja. Mkataba ukikuahidi huduma itakuwa hewani 99.9% ya muda, fanya hesabu: hiyo ni karibu saa tisa za kuzimika kwa mwaka, na bado wanakuwa hawajavunja ahadi. Zikiangukia siku ya kulipa mishahara, shauri yako.

BintiMauzo
Naona mnabishana seva ikae wapi. Sisi wa barabarani hilo wala halitugusi.

StooKuu, kwenu muuzaji akiuza saa nne asubuhi, stoo inajua saa ngapi? Kwetu ilikuwa jioni, akirudi na vikaratasi, na mtu wa ofisini anaviandika upya. Mara namba 6 inasomwa 0. Tulipopata programu ya simu, kazi ya kuandika mara mbili ikafa. Hayo ndiyo mabadiliko niliyoyaona mimi.

Lakini angalia sana, maana nyingine ni ukurasa uleule wa kompyuta uliobanwa ukae kwenye kioo kidogo. Tulijaribu moja yenye visanduku 22 kwa oda moja. Wauzaji wakarudi kwenye vikaratasi ndani ya wiki mbili, kimyakimya.

KodiUsiku
Dada umesema. Niongeze jambo ambalo wauzaji wa programu hulipita haraka: mtandao ukikatika inakuwaje?

Chukua mfano. Stoo ina pampu 10. Asha na Juma wote hawana mtandao. Asha anauza 4, Juma anauza 3. Programu iliyoundwa vibaya inatuma salio: ya Asha inasema "zimebaki 6", ya Juma inasema "zimebaki 7". Anayefika mwisho anafuta wa kwanza, stoo inaonyesha 7 na rafuni ziko 3. Iliyoundwa vizuri haitumi salio, inatuma tukio: "toa 4", "toa 3". Seva inajumlisha yenyewe, hata zikifika kwa kupishana.

Na wakiuza 7 na 6? Hapo hakuna ujanja wa kompyuta, pampu ni 10. Wengine hugawa mzigo mapema, kila muuzaji ana stoo yake ndogo ndani ya simu na hawezi kuuza zaidi ya hapo. Wengine hukubali oda, kisha mtu wa ofisini anaamua nani asubiri. Muulize anayekuuzia programu inafuata njia ipi. Akikujibu "halijawahi kutokea", aga uondoke.

Namba za ankara pia: simu mbili zikiwa nje ya mtandao zisitoe namba moja.

StooKuu
KodiUsiku, hili la salio sikuwa nalo kabisa. Na njia ya tatu je? Naona mnaikwepa.

WayaMwekundu
Siikwepi, naiogopa kwa niaba yako. Odoo Community ni bure na chanzo chake kiko wazi, lakini uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia, wengi huligundua hilo wakiwa katikati ya safari. Halafu toleo jipya hutoka kila mwaka, na ukishaichokonoa ili ikufae, kila kuhama ni kazi upya. Je, una mtu wa kazi hiyo? Simaanishi kijana anayejua kompyuta. Namaanisha mtu ambaye akienda likizo yupo wa pili.

Kama yupo, njia ya tatu ni nzuri kuliko zote, maana data iko mkononi mwako na wauzaji wanaifikia kwa simu. Kama hayupo, ifute.

MzeeWaLeja
Ukienda na ya pili, mlango wa kutokea uujaribu kabla ya kuingia. Wakati wa majaribio omba data zako zote. Wengi watakupa orodha ya salio. Hiyo haitoshi. Dai miamala mmojammoja, tarehe, aliyeingiza, na picha za ankara zilizoambatishwa. Mkaguzi hasomi salio tupu.

StooKuu
Wakuu, nimerudi. Nimejaribu programu mbili za wingu kwa simu mbili, nikazima data na Wi-Fi, nikauza 4 na 3 kama mfano wa KodiUsiku. Moja ilinigomea hata kufungua oda. Nyingine ilikubali, na nilipowasha mtandao stoo ikasoma 3. Hiyo ya pili nimeiomba data zote alivyosema Mzee: miamala imekuja, picha hazikuja. Nimewaandikia.

Njia ya tatu nimeifuta, mtu sina. Bosi bado anaipenda seva, lakini barua ya muuzaji wetu imempoza kidogo: toleo jipya wataliangalia miaka mitatu tu.

BintiMauzo
Oda moja ina visanduku vingapi?

StooKuu
Saba.

BintiMauzo
Mpe muuzaji wako mkubwa kiumri ajaribu, akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika kipuri. Kisha uje utuambie.