Laini ya riseti ya KSZ8081 kwenye faili la dts: ping inajibu U-Boot, Linux kimya

kimara_kernel
Habari wakuu. Bodi ina prosesa ya i.MX6ULL na chipu ya Etheneti KSZ8081, anwani ya 1 kwenye MDIO (waya ambazo prosesa inatumia kuisimamia chipu hiyo). Bodi hizi zitafungwa kwenye vyumba vya baridi vya samaki pale soko la Feri, zisome joto na kulituma kwa waya. Laini ya riseti inatoka GPIO5 (kundi la pini za prosesa zinazoendeshwa na programu) pini ya 6, na ina rezista ya 10k kwenda ardhini. Ndani ya U-Boot (programu inayowaka kabla ya Linux) ping inajibu. Linux ikiwaka, eth0 ipo ila linki haipandi, na mita inasoma volti 0 kwenye riseti. Nodi (sehemu) ya chipu kwenye dts, faili linaloieleza kerneli vifaa vya bodi, nimeiandika hivi:

`reset-gpios = <&gpio5 6 GPIO_ACTIVE_HIGH>;`

Nimeweka HIGH kwa kuwa chipu inafanya kazi pini ikiwa na 3.3 V. Tatizo liko wapi?

fundi_saketi
Mkuu, hiyo HIGH ndiyo inayokuangusha. Bendera (hilo neno HIGH au LOW) haielezi hali ambayo chipu inafanya kazi, inaeleza hali ambayo riseti *imeshikwa*. KSZ8081 inashikwa pini ikiwa chini, kwa hiyo ni LOW. Draiva ikitaka kuachia riseti inaandika 0 ya kimantiki. Kwa HIGH hiyo 0 inakuwa volti 0 kwenye pini, na chipu inabaki imeshikwa milele. Kwa LOW kerneli inaigeuza yenyewe kuwa 3.3 V.

```
phy1: ethernet-phy@1 {
    reg = <1>;
    reset-gpios = <&gpio5 6 GPIO_ACTIVE_LOW>;
    reset-assert-us = <10000>;
    reset-deassert-us = <1000>;
};
```

Datashiti inadai angalau mikrosekunde 100 baada ya kuachia kabla ya kuigusa MDIO, kwa hiyo 1000 inatosha. Hakiki kwa `cat /sys/kernel/debug/gpio`: uone `out hi ACTIVE LOW`. Hiyo `hi` ni volti halisi ya pini.

kimara_kernel
Asante mkuu, linki imepanda nikiwasha kwa TFTP (kerneli ikipakuliwa kwa mtandao). Lakini nikizima umeme kabisa na kuwasha kutoka eMMC (hifadhi iliyo kwenye bodi), logu inasema `MDIO device at address 1 is missing`.

dts_upanga
Hapo ulikuwa unabebwa na U-Boot. Kwa TFTP, U-Boot inaipandisha riseti ili ipate mtandao, na Linux inaikuta chipu iko macho. Kwa eMMC haigusi mtandao, 10k yako inaishikilia chipu chini. Kerneli inasoma kitambulisho cha chipu *kabla* ya kuigusa `reset-gpios` iliyo ndani ya nodi ya chipu. Chipu iliyoshikwa haijibu, basi inahesabiwa haipo, na riseti haiachiwi kamwe.

Dawa ya kwanza ni kuitajia kerneli kitambulisho ili isiulize:

`compatible = "ethernet-phy-id0022.1560";`

Mimi napendelea ya pili, hasa kama chipu mbili zinatumia laini moja ya riseti (ukiitaja GPIO hiyohiyo kwenye nodi mbili, ya pili inapata kosa la EBUSY, yaani tayari inatumika). Ondoa `reset-gpios` kwenye nodi ya chipu, iweke kwenye nodi ya `mdio` yenyewe. Hapo inaachiwa kabla ya kutafuta chipu:

```
mdio {
    reset-gpios = <&gpio5 6 GPIO_ACTIVE_LOW>;
    reset-delay-us = <10000>;
    reset-post-delay-us = <1000>;
```

Angalia majina ya muda yamebadilika. Ukiacha yale ya nodi ya chipu hayasomwi, na kerneli itaishika riseti mikrosekunde 10 tu.

Jingine: kwenye 6ULL pini za GPIO5 zinapangwa chini ya `&iomuxc_snvs`, siyo `&iomuxc`. Tumia `MX6ULL_PAD_SNVS_TAMPER6__GPIO5_IO06`, na kundi hilo la pini litaje kwenye `pinctrl-0` (orodha ya mipangilio ya pini) ya kidhibiti cha Etheneti, `&fec1`. Usitegemee mpangilio ulioachwa na U-Boot.

fundi_saketi
Nyongeza kwa atakayeamua kuhamisha 10k iende 3.3 V na kuweka diodi, GPIO ibaki na kazi ya kuvuta chini tu. Ukifunga na kapasita ya 10 µF, 10k × 10 µF ni milisekunde 100. Laini inafika 2 V, kiwango ambacho chipu inaihesabu iko juu, baada ya kama milisekunde 93, na ile 1000 uliyoandika inakuwa imekwisha zamani. Funga 100 nF, itafika ndani ya milisekunde 1, kisha andika 5000.

kimara_kernel
Nimehamishia kwenye `mdio` na kurekebisha `iomuxc_snvs`. Nimewasha kutoka eMMC mara 20, umeme ukizimwa kabisa kila mara, na linki imepanda zote.