Lucy Lameck: kutoka mafunzo ya uuguzi hadi uwaziri mdogo. Naomba mnisahihishie makala

MuuguziTarajali

Habari za leo wakuu. Naandika makala ya maneno kama 800 kuhusu Lucy Lameck kwa jarida la chuo cha uuguzi, itoke kabla ya Siku ya Wauguzi Duniani, 12 Mei. Rasimu ipo, ila kurasa ninazosoma zinapingana. Kwa sasa nimefungua hivi:

"Lucy Lameck alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, akahitimu Chuo Kikuu cha Oxford, akachaguliwa mbunge mwaka 1960 na kuwa mwanamke wa kwanza katika Baraza la Mawaziri la Tanzania."

Hapo kipi kinasimama na kipi kinaanguka? Jambo la pili, aliwahi kufanya kazi katika Wizara ya Afya. Nataka aya moja inayoeleza hali aliyoikuta huko, bila kumbebesha sifa zisizo zake. Wenye ufahamu naomba msaada kabla haijafika kwa mhariri.

---

MtafitiKilimanjaro

Umefanya vizuri kuuliza, maana sentensi ni moja na makosa ni manne.

La kwanza ni hiyo "miaka mingi". Lucy Selina Lameck alizaliwa 1934 Njoro, Moshi, katika familia ya wakulima. Alisomea uuguzi hadi 1950. Piga hesabu mwenyewe: alikuwa na umri wa miaka 16. Hakutaka kuutumikia mfumo wa afya wa serikali ya kikoloni, akajifunza hati mkato na kupiga chapa. Kwa hiyo usimchore kama nesi mkongwe aliyevua sare akaingia kwenye siasa. Alikuwa binti aliyepata mafunzo ya uuguzi, kisha akamkataa mwajiri.

Hapo ndipo makala nyingi zinaporuka, zikatoka wodini moja kwa moja hadi bungeni. Daraja lake lilikuwa ushirika. Alifanya kazi ya ukatibu katika KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, palepale Moshi. Katika miaka ya 1950 KNCU haikuwa ofisi ndogo. Kahawa ya maelfu ya wakulima ilipitia kwake, na hesabu za malipo, barua za masoko na mihtasari ya vikao vilipita mezani kwa makarani. Anayechapa muhtasari wa kikao anajua nani alisema nini na fedha zimekwenda wapi. Nyumbani nako siasa ilikuwepo, kwa kuwa mama yake alikuwa mtu wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, na mikutano ilifanyika nyumbani kwao. Ukitaka kujua alipata wapi ujuzi wa kusimama bungeni, anzia hapo. Uuguzi peke yake haukumpa ujuzi huo.

La pili ni Oxford. Alikwenda Ruskin College kwa ufadhili wa masomo mwaka 1957. Ruskin ilikuwa mjini Oxford lakini haikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Oxford. Ilianzishwa 1899 kwa ajili ya wafanyakazi watu wazima ambao hawakupata nafasi ya vyuo vikuu, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa na mkono mkubwa ndani yake. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, alisoma hapohapo 1955–56. Baada ya Ruskin, Lameck alisoma pia Western Michigan University, Marekani, ndipo akarudi nyumbani 1960. Ukiandika "alihitimu Chuo Kikuu cha Oxford" umekosea chuo, na zaidi ya hapo umemwondoa kwenye mazingira ya wafanyakazi na wanaushirika, ambayo ndiyo yaliyomjenga.

La tatu, 1960 hakuchaguliwa jimboni, aliteuliwa. Na chombo chenyewe wakati huo kilikuwa bado Baraza la Kutunga Sheria, LEGCO. Jimbo alilipata 1965, Moshi.

La nne nawaachia wanaojua sheria.

---

IbaraKwaIbara

Nalichukua hilo la nne, maana ndilo litakalokuletea barua za wasomaji.

Lameck alikuwa Waziri Mdogo, kwanza katika Wizara ya Ushirika na Maendeleo (1962–65), kisha katika Wizara ya Afya na Nyumba (1967–72). Waziri mdogo wa enzi ile alikuwa sawa na naibu waziri wa leo. Alijibu maswali bungeni kwa niaba ya waziri, alisaidia kupitisha miswada, alizunguka mikoani. Hakuwa mjumbe wa Baraza la Mawaziri. Hata kwa Katiba ya sasa mgawanyo ni huohuo: Ibara ya 54 inataja wajumbe wa Baraza, na manaibu waziri hawamo.

Wanawake wa kwanza kuwa mawaziri kamili Tanzania walipatikana 1975, nao ni wawili: Tabitha Siwale, wizara ya ardhi, na Julie Manning, wizara ya sheria. Ukiandika kwamba Lameck alikuwa wa kwanza katika Baraza la Mawaziri, umewafuta hao wawili kwa mstari mmoja.

Sentensi iliyo salama ni hii: "anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa kiwaziri serikalini." Nimeweka "anatajwa" kwa makusudi. Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, naye alipata uwaziri mdogo katika miaka hiyohiyo ya mwanzo, na wapo watakaokuuliza kwa nini hukumtaja. Mtaje. Hakuna kinachopungua kwa Lameck.

Kwa wanafunzi wa uuguzi watakaosoma, ongeza mstari kuhusu njia yenyewe, kwa sababu wengi wanadhani Rais anaweza kumtoa muuguzi wodini akamfanya waziri. Hawezi kwa hatua moja. Ibara ya 55(4) inasema mawaziri na manaibu wote wanateuliwa miongoni mwa wabunge. Kwanza uwe mbunge, iwe kwa jimbo, kwa viti maalum vya wanawake au kwa zile nafasi 10 za uteuzi wa Rais (Ibara ya 66). Ndiyo maana uteuzi wa 1960 una uzito kuliko unavyoonekana. Bila kiti kile, uwaziri mdogo wa 1962 usingekuwepo.

---

JembeNaNyumba

Naomba 1965 isipite haraka, kwa maoni yangu ndiyo aya yenye nguvu kuliko zote.

Ule ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU. Mkutano wa chama wa wilaya ulipiga kura za maoni, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikapitisha majina mawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Kampeni ziliandaliwa na chama, na wote wawili walipanda jukwaa moja mbele ya watu walewale. Kufanya kampeni kwa fedha zako kulikatazwa. Lugha ilikuwa Kiswahili, na kuomba kura kwa kabila, dini au rangi hakukuruhusiwa.

Sasa fikiria maana yake kwa mgombea mwanamke Moshi mwaka ule. Hakukuwa na viti maalum vya kukimbilia. Viti 15 vya wanawake vilikuja 1985. Hakukuwa na mkutano wa peke yako ambamo unaongea bila kupingwa. Unasimama, mpinzani wako anasimama baada yako, na wazee wanauliza maswali ya bei ya kahawa. Mtu aliyekaa KNCU, kisha akawa waziri mdogo wa ushirika, ana majibu.

Tena ulikuwa uchaguzi mgumu kwa wakubwa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa. Bibi Titi mwenyewe alishindwa Rufiji. Lameck alishinda. Ukiweka majina hayo matatu kwenye aya moja, msomaji ataona ukubwa wa ushindi ule bila wewe kutumia neno "shujaa".

---

MuuguziTarajali

Shukrani sana, mmenitoa kwenye aibu. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kama alisomea uuguzi hadi umri wa miaka 16 tu, ni haki kumweka kwenye jarida la wauguzi? Na ile aya ya Wizara ya Afya niijenge vipi?

---

MkungaMwandamizi

Muweke, tena bila kusita. Ila kichwa kisiwe "Nesi aliyekuwa waziri". Andika kwamba alifunzwa uuguzi, akaacha kwa sababu za kisiasa, kisha miaka 17 baadaye akarudi kwenye afya akiwa upande wa wanaopanga. Hiyo ni kweli, na ina mafunzo zaidi kwa mwanafunzi wa uuguzi.

Kuhusu aya ya wizara, anza na upungufu wa watu. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba wakati wa uhuru nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Chuo cha udaktari Dar es Salaam kilianza 1963, kwa hiyo Lameck anaingia wizarani 1967 chuo chenyewe kikiwa na miaka minne tu. Kazi ya kila siku katika zahanati ilibebwa na wauguzi, wakunga na waganga wasaidizi. Asiyeelewa hilo hawezi kuelewa sera ya afya ya Tanzania ya miaka ile.

Halafu angalia tarehe. Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, ni Februari 1967, mwaka uleule alioingia. Swali likawa: fedha ziende hospitali kubwa za mijini au zahanati na vituo vya afya vijijini? Mpango wa pili wa miaka mitano (1969–74) na maamuzi ya TANU ya 1971 yalisogeza uzito vijijini. Wakati huohuo, Machi 1971, hospitali ya rufaa ya KCMC ilifunguliwa Moshi, mjini kwao. Mambo hayo mawili yanavutana, na wizara ilikuwa katikati. Liandike hivyohivyo, usilisawazishe.

Kuna mitego miwili. Usimpe kampeni ya "Mtu ni Afya". Ile ni ya 1973, iliendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma chini ya Elimu ya Watu Wazima, naye alikuwa ameshaondoka wizarani 1972. Pia usiandike "alijenga zahanati kadhaa". Waziri mdogo hajengi. Andika "alikuwa waziri mdogo wakati wizara ilipo...", kisha utaje jambo lenyewe. Kishazi hicho ni kirefu kidogo lakini hakisemi uongo.

Kama nafasi inaruhusu, weka mstari mmoja wa kumlinganisha na Profesa Sheila Tlou wa Botswana. Yeye ni muuguzi kamili, profesa wa uuguzi Chuo Kikuu cha Botswana, aliyeingia bungeni kwa uteuzi na kuwa Waziri wa Afya 2004–2008, waziri kamili mwenye kiti kwenye Baraza. Baadaye akaongoza UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na UKIMWI, kanda ya Mashariki na Kusini mwa Afrika, yaani pamoja na Tanzania na Kenya. Wote wawili waliingia bungeni kwa uteuzi. Tofauti ni kwamba Tlou alikuja na taaluma ya uuguzi iliyokamilika, wakati Lameck alikuja na ushirika na chama.

---

MbongoBerlin

Ongezeni na hili, wengi nyumbani hawalijui. Mtaa uliokuwa ukiitwa Wissmannstraße katika wilaya ya Neukölln, Berlin, tangu Aprili 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße.

Hermann von Wissmann ndiye aliyetumwa na Ujerumani kuzima vita vya Abushiri, upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Februari 1891 Wissmann akapanda Kilimanjaro na jeshi lake kumpiga Mangi (mtawala wa Wachagga) Sina wa Kibosho. Baadaye akawa gavana, 1895–96. Kwa hiyo jina la aliyeivamia Kibosho limeondolewa, na mahali pake limewekwa jina la mwanamke wa Moshi. Kwa makala yako aya fupi inatosha, lakini usiiache.

---

MtafitiKilimanjaro

Nakuachia namna ya kuhakiki kabla hujatuma.

Kwa hotuba zake, tafuta Majadiliano ya Bunge (Hansard). Usitafute kwa jina tu. Angalia pia kwa cheo, Waziri Mdogo wa Afya na Nyumba, hasa kwenye kipindi cha maswali na kwenye mjadala wa makadirio ya wizara. Tafuta na jina Somi, maana kwingine anaandikwa Lucy Lameck Somi, na mtu asiyejua hilo anahesabu watu wawili. Kwa magazeti, *Uhuru* na *The Nationalist* yalikuwa ya TANU, kwa hiyo yanaripoti chama kwa kirefu. Yasome pamoja na *Standard* ya siku hiyohiyo. Mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kwa tarehe za vyeo, usichukue mwaka mmoja kutoka chanzo kimoja. Wizara za miaka ya 1960 zilibadilishwa majina na kuunganishwa mara kwa mara, na waandishi wengi huweka jina la wizara la leo kwenye mwaka wa zamani. Ukiona mahali imeandikwa "Naibu Waziri wa Afya, 1962", ujue wamechanganya vipindi viwili: 1962 ni ushirika, afya ni 1967.

Alifariki 21 Machi 1993. Ufunguzi wako unaweza kuwa hivi:

"Lucy Lameck (1934–1993), mzaliwa wa Njoro, Moshi, alisomea uuguzi hadi 1950, akaacha kwa kutotaka kuitumikia serikali ya kikoloni, akafanya kazi KNCU na kusoma Ruskin College kabla ya kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1960. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa wa kiwaziri, na kati ya 1967 na 1972 alikuwa Waziri Mdogo wa Afya na Nyumba."

Mhariri akitaka kuifupisha, akate Ruskin. KNCU ibaki.