Redio yetu hapa Arusha, "mubashara" gani hiyo ambayo mpiga gitaa anakula mbuzi Kwa Mrombo?

Wakuu, habari zenu. Sizunguki, maana nikizunguka hasira zitapoa.

Kuna redio hapa mjini, siitaji, wenye masikio mnaijua, ina kipindi cha Jumapili saa tatu usiku. Bluzi, souli na nyimbo za asili za gitaa kavu. Katika mji ambao ukiwasha redio ni singeli au uchambuzi wa Simba na Yanga kutwa nzima, kile kipindi kilikuwa dawa. Nilikuwa nafunga duka mapema kwa ajili yake, mke wangu ni shahidi. Na utamu wake haukuwa nyimbo za kwenye kompyuta. Ilikuwa bendi inaingia studio na vyombo, inapiga, ukosee usikosee tunakusikia.

Sasa Jumapili iliyopita tuko Kwa Mrombo watu wanne, mbuzi kilo mbili, ndizi, kachumbari. Mmoja wetu ni mpiga gitaa la solo. Mchana ni fundi redio Ngarenaro, umri umesogea, sote tunamwita Kaka Mkubwa. Mwenye baa ana redio juu ya friji. Saa tatu na kitu hivi mtangazaji anapasua: "Tuko mubashara kabisa, wanamuziki wako hapa mbele yangu jasho linawatoka!" Akaanza kuwataja mmoja mmoja. Wa besi, wa dramsi, halafu kwenye solo akamtaja Kaka Mkubwa kwa majina yake yote mawili.

Kaka Mkubwa alikuwa ameshika ubavu wa mbuzi.

Tulicheka, nisiwadanganye. Mhudumu akamwambia, "Shikamoo baba, kumbe uko na pacha?" Tukacheka tena. Ila wimbo wa tatu ulipofika katikati ya solo, ikasikika "tiing!" na gitaa likashtuka kidogo. Kaka Mkubwa akaweka mfupa kwenye sahani, akafuta mikono taratibu. "Huo ni uzi wangu wa mwezi wa tano," akasema. Hakula tena.

Naujua huo uzi kwa sababu mwezi wa tano nilikuwepo. Mimi ndiye niliyembebea amplifaya kutoka kwenye kifodi. Studio yenyewe ni chumba kama duka la Mpesa, dramsi zilifunikwa blanketi ili zisimeze sauti ya mwimbaji, mpiga besi amekaa juu ya kreti la soda kwa kukosa kiti. Uzi wa kwanza ulipokatika nilidhani mambo yameisha. Mzee wa watu hakusimama. Aliihamisha solo yote kwenye nyuzi tano zilizobaki, akashuka nayo chini, nzito, inakaribia kuwa maongezi, na mpiga dramsi akamsikia akapunguza fimbo. Ile sehemu ndiyo ilikuwa tamu kuliko kipindi kizima. Ukirekodi nyimbo za albamu, hapo unafuta unaanza upya. Usiku ule hapakuwa na kufuta.

Hiyo ndiyo maana ya mubashara. Sasa mtu anachukua jambo lililotokea mara moja, analipika upya kama kiporo, halafu anakuapia kwamba linatoka jikoni sasa hivi.

Kuna watakaokuja hapa kusema, "Mkuu, redio ni biashara, bendi ni gharama, matangazo ndiyo yanalipa mishahara." Nakubali! Muziki huu wa bluzi ulikulia redioni kwenye biashara hiyo hiyo. Mwaka 1941 huko Helena, jimbo la Arkansas, redio ya KFFA ilianzisha King Biscuit Time. Ni unga ndio uliokuwa unauzwa pale. Sonny Boy Williamson na hamonika yake na Robert Lockwood Jr. na gitaa lake walikuwa wanaingia studio mchana, muda wa watu kula, wanapiga na kuusifia unga. Ikafika mahali kampuni ikatoa unga wa mahindi wenye jina la Sonny Boy na sura yake kwenye mfuko. Fikiria kiroba cha sembe dukani kwa Mangi kina picha ya mpiga hamonika! Na B.B. King mwenyewe, kabla dunia haijamjua, alikuwa redio WDIA kule Memphis akiimba na kuipigia debe dawa ya chupa iliyoitwa Pepticon. Hata hizo B.B. zilitokana na jina la redioni, Blues Boy.

Kwa hiyo uzeni unga, uzeni dawa ya kikohozi. Ila yule aliyekuwa anasifia unga alikuwa ndani, na gitaa mkononi.

Tena tusiende mbali. Wazee wetu wa NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, wote waliingia studio za RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, bendi nzima inapiga kwa pamoja. Tarumbeta ikikosea, mnarudi mwanzo wote. Zile rekodi tunazipenda hadi leo, na ni marudio, na hakuna aliyewahi kutudanganya kwamba Mbaraka yuko studio anatokwa jasho. Ugomvi wangu si marudio. Semeni tu "hii tulirekodi mwezi wa tano", nitakaa nisikilize mpaka mwisho.

Halafu suala la hela, na hapa ndipo ninapotetemeka. Usiku ule wa mwezi wa tano waliahidiwa nauli na "kitu kidogo". Walipewa soda na fulana yenye nembo ya redio, saizi moja kwa wote, mpiga besi hakuingia. Wakavumilia kwa kupenda muziki. Kumbe ile kazi imesharushwa mara tatu (nimeuliza wasikilizaji wenzangu), kila mara na wadhamini wapya, kampuni za kubeti zinaingia katikati ya solo kabisa, na Kaka Mkubwa hajapigiwa hata simu ya asante. Sheria yetu ya mwaka 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hilo neno la pili watu wanalirukaga. Linawahusu watu kama yeye: wimbo unaweza usiwe wake, lakini upigaji ni wake.

Jumatatu nikapiga simu redioni. Nikapokewa na kijana mwenye heshima zake, "shikamoo mzee", vizuri. Nikaeleza. Akanyamaza, kisha akaniambia, "Mzee wangu, kusema ukweli wasikilizaji hawajui tofauti."

Hawajui tofauti. Mhudumu wa baa aliyebeba sahani sita alijua tofauti.

Jumapili hii saa mbili na nusu nitakuwa nje ya geti lao. Nikiona bendi inashusha vyombo, naomba mods, wasimamizi wa jukwaa hili, wafute uzi huu na nitaomba radhi hadharani. Nikikuta mlinzi peke yake na kirungu chake huku redio inasema "mubashara", nitaleta picha ya geti na saa yake.

Nilimwomba Kaka Mkubwa anisindikize. Amekataa. Anasema aje kufanya nini getini wakati yeye tayari yuko ndani anapiga.